Tumchague mkubwa wetu wa polisi? Jibu kwa mama wa Huruma

*"Wakili, mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba ya watoto mtaani Huruma, Nairobi. Kifungua mimba wangu ni wa boda boda. Kila siku anatoa shilingi mia kwa askari wanaosimama njia panda, na asipotoa pikipiki inalala kituoni. Siku hizi hawashiki hata pesa mkononi, anaambiwa atume kwa nambari fulani ya M-Pesa. Mwezi uliopita alikataa, akapigwa rungu, mkono bado uko kwenye plasta. Sasa kuna kijana anayetaka udiwani 2027 anazunguka na karatasi tutie sahihi. Anasema tukimchagua ndiye atakuwa mkubwa wa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na kwamba wananchi wanafaa kumchagua wenyewe mkuu wa polisi wa eneo lao kama Marekani. Binamu yangu aliye Chicago ameniambia ni kweli, kwao walipiga kura ya polisi. Kwa nini sisi hatuwezi? Na je, nitie sahihi?"*

Mama, pole kwa mkono wa mwanao. Swali lako la kura nitalijibu kwa urefu kwa sababu umeliuliza kwa uzito, lakini kuna jambo moja lisilongoja: zile karatasi za hospitali, risiti za dawa na picha ya eksirei, usitupe hata moja. Zifunge pamoja mahali pakavu. Nitazirudia mwishoni.

Sasa huyu mgombea. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo simshangai kuitaka kura yako. Ila alichokuahidi hawezi kukipata hata akizoa kura zote za wadi. Diwani hamwamuru OCS. Mbunge vilevile, na gavana vilevile. Kifungu cha 245 cha Katiba kinampa Inspekta Jenerali amri juu ya polisi wote nchini, kisha kinamzungushia ua. Waziri wa usalama anaweza kumwelekeza kuhusu sera, tena kwa maandishi. Lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwambia amchunguze nani, amkamate nani, ampandishe cheo nani, amhamishe nani au amfute nani. Hayo maneno "hakuna mtu" yanamgusa hata Rais. OCS wenu akihamishwa kwa sababu diwani alipiga simu, sheria itakuwa imevunjwa, hata kama OCS mwenyewe alistahili kuondoka.

Najua utaniambia: lakini wakili, simu hupigwa. Hupigwa, ndiyo. Mbunge aliyejenga kituo cha polisi kwa pesa za NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, na kuandika jina lake ukutani hapigi simu kituoni akaambiwa asubiri. Shida ya nguvu za namna hiyo ni kwamba haziandikwi popote, kwa hiyo huwezi kuzidai. Leo zinamtoa mwanao seli. Kesho zinamtia ndani mwana wa jirani ambaye wazazi wake walimpigia kura mpinzani, na jirani huyo hana ofisi ya kwenda kuuliza.

Ua huo wa Katiba uliwekwa kwa machungu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na zaidi ya theluthi moja yao walikufa kwa risasi. Tume hiyo ilitoa ripoti yake 2008 na kusema wazi kwamba polisi wetu wanahitaji kusukwa upya. Mwaka 2009 likaja jopo la Jaji Philip Ransley la kurekebisha polisi na mapendekezo yake, na mengi yakaingia katika Katiba ya 2010: Inspekta Jenerali anayehudumu miaka minne bila kuongezewa, tume ya kusimamia ajira na nidhamu ya askari, na baadaye kidogo mamlaka huru ya kupokea malalamiko. Hofu iliyokuwa mezani wakati ule ilikuwa polisi wa mwanasiasa. Ndiyo maana Jedwali la Nne la Katiba liliiacha kazi ya polisi kwa serikali ya kitaifa huku afya, masoko na chekechea zikienda kaunti. Na ndiyo maana hata leo kamati ya usalama ya kaunti inaongozwa na kamishna wa kaunti, ambaye hakuna mtu aliyempigia kura, na gavana hana kiti cha kuiongoza.

Hilo ndilo jibu la "hatuwezi". Lakini wewe umeuliza zaidi ya hilo. Katiba hubadilishwa. Je, tungeweza, ingefaa?

Tuanze na jambo ambalo huwa nalitaja kwenye mabaraza na watu wanacheka kisha wananyamaza. Sisi wa Nairobi tayari tunamchagua mkubwa wa askari. Anaitwa gavana, na askari wake ni kanjo. Hao wako chini ya kaunti kabisa, na bunge la kaunti liliwatungia sheria yao wenyewe mwaka 2017. Tumepiga kura ya ugavana 2013, 2017 na 2022. Wewe unauza mitumba, unawajua kanjo kuliko mimi ninayewasoma kwenye mafaili. Kila msimu wa kampeni wachuuzi huahidiwa amani. Sanduku likishafungwa, lori la kanjo linarudi na mitumba inabebwa.

Kwa nini kura haikuwalainisha? Kura ni moja na mambo ni mengi. Gavana unampima kwa takataka, maji, taa za barabarani, hospitali, stendi za matatu, na mahali fulani chini kabisa ya orodha hiyo ndiko alipo kanjo aliyemwaga mboga za mtu. Unapoweka alama kwenye karatasi huwezi kuandika pembeni "nakuchagua kwa sababu ya taa, lakini kwa kanjo nakukataa". Naye anajua hivyo. Kwa hiyo mtu anayesimamia askari pamoja na mambo mengine ishirini hawezi kuadhibiwa kwa ajili ya askari peke yao. (Na kama ni kanjo aliyekuumiza, fahamu kwamba IPOA, ile mamlaka huru ya malalamiko dhidi ya polisi, haina uwezo juu yake, kwa kuwa si polisi. Huko unaenda kwa kaunti yenyewe, kwa Tume ya Haki ya Utawala ambayo tumezoea kuiita Ombudsman, au mahakamani.)

Waingereza waliliona tatizo hilo wakajaribu dawa yake. Wakasema tumchague mtu mmoja wa polisi tu, asiwe na kazi nyingine. Kwa sheria ya 2011, maeneo 41 ya polisi Uingereza na Wales yalimchagua kamishna wa polisi na uhalifu. London iliachiwa meya wake. Kamishna huyo alipewa vitu vizito: anapanga bajeti, anaandika mpango wa polisi wa eneo, anamwajiri mkuu wa polisi na anaweza kumfuta. Asichoweza ni kumwambia amkamate nani. Kwenye karatasi, mama, ni mpango mzuri kuliko wa mgombea wako.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Novemba 2012. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 15. Katika kituo kimoja cha kupigia kura mtaa wa Bettws, mji wa Newport, makarani walikaa siku nzima bila kuona mpiga kura hata mmoja. Watu walikuwa wanalalamika kuhusu polisi kama tunavyolalamika sisi, ila hawakumjua mgombea wala hawakujua kazi yenyewe ni ipi. Na mwaka 2014 ikatokea iliyo mbaya zaidi. Uchunguzi wa mji wa Rotherham ulionyesha kwamba kwa miaka mingi watoto walidhulumiwa kingono huku polisi na ofisi za ustawi wa watoto wakifumba macho. Kamishna wa South Yorkshire, eneo lenye mji huo, Shaun Wright, aliwahi kuwa diwani mwenye dhamana ya huduma za watoto mjini humo. Watu, chama chake na hata waziri mkuu wakamtaka ajiuzulu. Akakataa kwa majuma kadhaa, kwa kuwa sheria haikumpa mtu yeyote njia ya kumtoa kabla ya uchaguzi ujao. Mwishowe aliondoka kwa hiari yake.

Mpango huo haukuharibu kila kitu. Wapo makamishna waliofanya kazi nzuri na wahanga wa uhalifu. Lakini Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaufuta mpango huo muda wa makamishna waliopo utakapokwisha, Mei 2028, na kazi zao zitaenda kwa mameya na viongozi wa mabaraza ya maeneo. Kwa hiyo mtu akija Huruma kukuuzia wazo hili kama kitu kipya kinachotesa dunia, mwambie wenye nalo wanalirudisha dukani.

Binamu yako naye hakukudanganya, ila amefupisha. Chicago walipiga kura, Februari 2023. Katika kila wilaya ya polisi, nazo ni 22, wakazi walichagua baraza la watu watatu, jumla watu 66. Lakini hao watatu hawamwamuru kamanda wa wilaya. Kazi yao ni kufanya vikao vya wazi kila mwezi, kusikiliza wakazi, kufikisha shida zao kwa makamanda, na kupendekeza majina ya watu wa kuingia kwenye tume ya jiji yenye watu saba. Tume hiyo ndiyo yenye meno: inashiriki kutunga sera za polisi, na nafasi ya mkuu wa polisi wa jiji ikiwa wazi, inampelekea meya orodha fupi ya kuchagua. Askari mmoja akimpiga kijana, malalamiko hayaendi kwa waliochaguliwa. Yanaenda kwa ofisi nyingine ya raia, yenye wapelelezi wake. Wamechaguliwa wa kuzungumzia mwenendo wa polisi. Kesi ya mtu mmoja mmoja wameiweka mbali na kura kwa makusudi.

Na Chicago hawakupewa hilo zawadi. Oktoba 2014 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na polisi. Video ilifichwa zaidi ya mwaka, hadi mahakama ilipoamuru itolewe Novemba 2015. Kuanzia hapo hadi sheria ya mabaraza hayo kupita Julai 2021 ni karibu miaka sita ya maandamano, vikao na majadiliano ya vifungu.

Labda mgombea wako amechanganya Chicago na sherifu. Huyo kweli ni askari mkuu anayechaguliwa, na Marekani wapo kama elfu tatu, karibu kila kaunti. Na hapa nitakuambia kinachonifanya niogope wazo hili kuliko mambo ya idadi ya wapiga kura.

Kaunti ya Maricopa, Arizona, ilikuwa na sherifu aitwaye Joe Arpaio. Alishinda mara sita, akakaa tangu 1993 hadi mwisho wa 2016. Aliwaweka mahabusu kwenye mahema jangwani, na askari wake walisimamisha magari ya watu wenye sura ya Kilatino kwa sababu ya sura yao tu. Mahakama ya shirikisho iliamuru aache. Hakuacha, na 2017 alitiwa hatiani kwa kuidharau mahakama, kisha Rais Trump akamsamehe. Miaka hiyo yote wapiga kura walikuwa wakimrudisha. Hawakuwa wamedanganywa. Wengi walimpenda kwa sababu hizohizo, kwa kuwa waliokuwa wanasimamishwa barabarani hawakuwa wao.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Mwaka 2014 wakazi wa Githurai waliifunga Barabara ya Thika kwa mawe na matairi wakidai askari mmoja aachiliwe. Alikuwa ameshtakiwa kwa kumuua kijana aliyekuwa shahidi katika kesi ya mauaji ya ndugu yake. Kwa wafanyabiashara wa Githurai askari huyo alikuwa mkombozi, wezi walimwogopa. Baadaye Mahakama Kuu ilimtia hatiani. Sasa jiulize, mama: siku ile barabara ilipofungwa, kama kungekuwa na uchaguzi wa mkubwa wa polisi Githurai, nani angeshinda? Na yule mwendesha mashtaka angekuwa anachaguliwa na umati uleule, kesi ingefika wapi? Nimeketi na akina mama wa Mathare na Kayole ambao watoto wao walipigwa risasi huku majirani wakisema afadhali. Wa boda boda leo wana huruma ya mtaa. Siku mtaa utakapoamua kwamba wa boda boda ndio wezi, utataka mtu wa kumshika askari mkono awe mtu asiyetafuta kura mtaani kwenu.

Kwa hiyo msimamo wangu, na wenzangu wengine katika kazi hii hawakubaliani nami, ni kwamba kumpiga askari kalamu na kumpeleka kortini kubaki kwa watu wasiochaguliwa: IPOA ikichunguza, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akishtaki, Tume ya Huduma ya Polisi ikiadhibu, hakimu akihukumu. IPOA nayo isisifiwe kupita kiasi. Haimfuti askari wala haimfungi. Inachunguza na kupeleka faili. Mafaili hukawia, na anayesubiri ni wewe. Lakini ni kwa njia hiyo ya pole pole ambapo polisi wawili walitiwa hatiani 2016 kwa kifo cha msichana wa miaka 14 kule Kwale, na kwa kura ya kijiji kesi ile pengine isingefika popote.

Kuna upande mwingine ambao haupaswi kabisa kuachiwa wasiochaguliwa, na hapo wewe na mgombea wako mna hoja. Nani anaamua kwamba askari watasimama njia panda ya Huruma wakikagua boda boda saa kumi na moja asubuhi, badala ya kuwa kwenye vichochoro wanakoibiwa wanawake wanaowahi soko? Gari la doria linapewa lita ngapi za mafuta, na zinaenda wapi? Kwa nini dawati la jinsia halina mtu usiku? Hayo si kesi ya mtu. Ni mambo ya kipaumbele na pesa, na mwananchi anafaa kuwa na mtu wa kumuuliza kwa jina, tena amtoe akishindwa.

Mahali pa kuyauliza pameandikwa kwenye sheria tangu 2011. Sehemu ya 41 ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu wa kamati yake kuu aliyemteua. Ndani wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wajumbe wawili wanaotoka bunge la kaunti, na angalau raia sita: wa biashara, wa mashirika ya jamii, wa wanawake, wa watu wenye ulemavu, wa dini na wa vijana. Kazi yao ni kupendekeza vipaumbele na shabaha za polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kukagua bajeti ya polisi wa kaunti, kupokea taarifa za kamati za polisi jamii, na kuwa jukwaa la wananchi kusema. Soma tena orodha hiyo. Ni karibu kila kitu walicho nacho wale 66 wa Chicago, na kukagua bajeti juu yake.

Uliwahi kuisikia? Ukiniambia hapana sitashangaa. Miaka mingi ilipotea magavana na serikali kuu wakivutana kuhusu kanuni za kuiendesha, na nje ya mvutano huo hakukuwa na aliyekuwa na haraka. Kamishna wa kaunti ana kamati yake ya usalama tayari. Gavana naye haoni faida ya kubeba lawama za polisi asiowaamuru. Tukabaki na Nyumba Kumi, iliyoletwa 2013 baada ya shambulio la Westgate kwa kuiga Tanzania. Mzee wa Nyumba Kumi anamwambia polisi nani mgeni mtaani. Hana kikao cha kumuuliza polisi chochote.

Kama ningepewa kalamu, ningewafanya wale raia sita wachaguliwe na wananchi badala ya kuteuliwa na gavana, mmoja mmoja kwa makundi ya kaunti ndogo, na vikao vyao viwe wazi na kamanda alazimike kufika. Hilo halihitaji kura ya maamuzi ya nchi nzima. Mamlaka hiyo imeundwa na sheria ya kawaida, na Bunge linaweza kuirekebisha. Kumkabidhi mtu wa kuchaguliwa amri ya polisi ni jambo jingine. Hapo unagusa Katiba na mgawanyo wa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, safari ndefu yenye gharama. Hata mpango wangu una ugonjwa wa Bettws: uchaguzi wa peke yake hautapata watu, na ukiuweka siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 10 Agosti 2027 au ule utakaofuata, unaongeza karatasi ya saba kwa mpiga kura aliyeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni. Ningekubali foleni hiyo. Wengine hawatakubali, na siwalaumu.

Sasa sahihi yako. Kwanza isome karatasi yenyewe, juu ya mistari ya majina. Kama inasema ni ombi kwa bunge la kaunti au kwa Bunge la Taifa, kuna maelezo ya kinachoombwa na inaomba wananchi wawe na sauti katika Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, tia sahihi na umwite jirani. Kuomba Bunge litunge au kurekebisha sheria ni haki yako kwa Kifungu cha 119. Kama inasema tu "tunataka kumchagua OCS", usipoteze wino. Na kama juu hakuna kitu, ni safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi, irudishe. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama wasivyovijua, na nambari za kitambulisho hazikutoka mbinguni.

Kijana mwenyewe usimfukuze. Muulize mbele ya watu: bunge la kaunti lina nafasi mbili kwenye Mamlaka hiyo, ukiwa diwani utamuuliza gavana nani yuko huko na wamekutana lini? Akiwa hajui unachozungumzia, umejua.

Tumrudie mwanao, na hapa naomba usitegemee maandishi yangu peke yake. Hili linataka mtu wa kukaa naye ana kwa ana.

Fomu ya P3 ndiyo inayogeuza mkono uliovunjika kuwa ushahidi. Hutolewa na polisi na kujazwa na daktari, na kituoni hailipiwi. Halazimiki kuichukua kwenye kituo cha askari waliompiga. Aende kingine, aandikishe malalamiko, na asitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Asiende peke yake. Kisha apeleke malalamiko IPOA, kwa simu ya bure 1559 au ofisini kwao ACK Garden, barabara ya 1st Ngong Avenue, Upper Hill. Kuumizwa vibaya na polisi ni kazi yao ya msingi. Hongo ya kila siku ni jambo la EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pale Integrity Centre, na sheria ya hongo ya 2016 inamlinda anayetoa taarifa. Lakini inamtia hatiani pia anayetoa hongo, kwa hiyo asiandike taarifa hiyo kabla ya kuzungumza na wakili.

Sitakuficha hatari. Juni 2016 mwendesha boda boda Josephat Mwenda, aliyekuwa amelalamika IPOA kuhusu askari aliyempiga risasi, alitekwa alipotoka kortini Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Wote watatu waliuawa. Polisi watatu na raia aliyekuwa mtoa habari wao walitiwa hatiani Julai 2022. Nakuambia hili ili malalamiko ya mwanao yasiwe siri ya watu wawili. Yajulikane na shirika linalofuatilia kesi hizi: Kituo cha Sheria, IMLU, au Mathare Social Justice Centre iliyo karibu nanyi. Akianza kufuatwa au kupigiwa simu za ajabu, asiendelee na kazi kana kwamba hakuna kitu. Awaambie siku hiyohiyo, na waombe Shirika la Ulinzi wa Mashahidi liingilie.

Muda pia unakwenda. Kuishtaki serikali kwa madhara kama haya, sheria inatoa miezi 12 tu tangu siku ya tukio. Kesi ya haki za kikatiba haina kikomo hicho, lakini hakimu atauliza kwa nini ulichelewa.

Mtakapokwenda kwa wakili, bebeni lile fungu la karatasi za hospitali, nambari ya OB, tarehe na saa kadiri anavyokumbuka, nambari ya gari la askari kama aliishika, na jina la mwenzake wa stendi aliyeona. Simu yake asiifute kitu. Zile jumbe za M-Pesa za shilingi mia mia zinaonyesha nambari, jina, siku na dakika, na sijawahi kuona askari wa njia panda aliyefikiria hilo kabla ya kuitwa kulieleza.